Mhudumu wa vyumba, barua ya Julai na mfuko ambao haukuwepo

Nitamtaja kwa kazi yake tu. Ni mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya katikati ya Nairobi, mama wa watoto wawili na mpangaji wa mtaa wa Umoja, na alikuwa na miaka 41 korona ilipoingia nchini. Jina lake na la hoteli nayaacha. Kisa chake hakina ajabu yoyote, na ndiyo sababu nimekichagua. Mwaka 2020 serikali ilitangaza hatua nyingi za kuokoa ajira, nyingine nzuri kabisa, lakini ukizipanga kando ya maisha ya mama huyu unaona kila moja ilipita pembeni yake. Wala hakuwa mtu wa kutafutwa. Alikuwa na mkataba, PIN ya KRA ya kulipia kodi, kadi ya NHIF, bima ya afya ya wakati huo, nambari ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, na laini ya simu yenye M-Pesa. Serikali ilimjua kuliko ilivyowajua Wakenya wengi.

Aliajiriwa Oktoba 2010. Kufikia Machi 2020 mshahara wake, posho ya nyumba ikiwemo, ulikuwa shilingi 26,000 kabla ya makato. Kwa mshahara huo alilipa kodi ya nyumba, karo ya kidato cha pili ya binti yake na mchango wa chama kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mwanawe wa kiume alikuwa amemaliza shule na hajapata cha kufanya.

Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 13 Machi. Ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa tarehe 25, kafyu ikaanza tarehe 27, na kuanzia 6 Aprili eneo la Nairobi likafungwa, haingii mtu wala hatoki. Hoteli za katikati ya jiji hutegemea wasafiri na watu wa semina, na wote wawili walikatika ndani ya wiki mbili. Baadaye takwimu za KNBS, shirika la takwimu la taifa, zilionyesha kwamba sekta ya malazi na vyakula ilisinyaa kwa 47.7% mwaka huo, huku uchumi wa nchi kwa jumla ukipungua kwa 0.3% tu. Ukitazama wastani wa nchi utadhani mvua ilinyesha kidogo. Kumbe kuna waliosombwa.

Likizo isiyojulikana mwisho wake

Wiki ya mwisho ya Machi wafanyakazi waliitwa kwa makundi. Afisa wa wafanyakazi alikuwa na barua zilizochapishwa tayari, nafasi ya jina ikijazwa kwa kalamu. "Mama, weka sahihi hapa, tutawaita hali ikitengemaa." Barua nimeiona. Ni mistari minne. Inasema yuko likizo bila malipo kuanzia 1 Aprili hadi hali itakapotengemaa. Tarehe ya kurudi haimo, na nani atalipia NHIF katika kipindi hicho haimo.

Sheria ya Ajira ya 2007 ina likizo ya mwaka, ya uzazi na ya ugonjwa. Likizo bila malipo haimo. Inaweza kuwepo kwa maelewano tu, na kifungu cha 10 kinamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi kabla ya kugeuza masharti ya mkataba, kisha amjulishe kwa maandishi. Je, sahihi ya dakika mbili mbele ya meza, wenzako wakingoja nyuma, ni kushauriana? Wakili wa mwajiri atasema ndiyo. Kwa maoni yangu mama huyu alikuwa na njia mbili: atie sahihi, au aonekane mkaidi wiki ile ile ambayo majina yanachujwa.

Hata hivyo sitaki kuilaumu hoteli kwa hili. Wazo la kumshikilia mfanyakazi badala ya kumfuta lilikuwa sahihi. Aprili hiyo hiyo Wizara ya Leba, chama cha waajiri FKE na muungano wa vyama vya wafanyakazi COTU vilitia sahihi makubaliano kwamba waajiri wajaribu kwanza njia za maelewano, kama kupunguza mishahara au kutoa likizo bila malipo, kabla ya kufikia kuvunja ajira. Mhudumu aliyekaa miaka tisa anajua bomba la chumba gani linavuja na mgeni gani wa kila mwezi hataki mito ya manyoya. Akifutwa, ujuzi huo unapotea, na kumfunza mgeni kuna gharama.

Kasoro ni kwamba makubaliano yalikuja bila fedha. Uingereza mwaka huo serikali ililipa hadi 80% ya mishahara ya waliorudishwa nyumbani. Usinielewe vibaya, Hazina yetu haikuwa na uwezo huo. Lakini Afrika Kusini pia si tajiri kama Uingereza, na ililipa sehemu ya mishahara kutoka kwa mfuko wa bima ya kukosa kazi ambao mwajiri na mfanyakazi huchangia 1% kila mmoja. Mfuko ulikuwepo kabla ya janga, ukatumika. Hapa kwetu mama aliambiwa bado ni mwajiriwa, na mwajiriwa haendi kutafuta kazi kwingine kwa moyo mmoja, huku mwisho wa mwezi simu haiingizi hata shilingi. Alikaa hivyo miezi mitatu.

Msaada kwa waliobaki na mshahara

Tarehe 25 Aprili sheria ya kubadilisha kodi ilianza kazi. Wanaopata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi wakaondolewa PAYE, kodi ya mshahara, kabisa, kiwango cha juu kikashuka kutoka 30% hadi 25%, na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ilikuwa imeshashushwa kutoka 16% hadi 14% tangu 1 Aprili. Magazeti yalipiga hesabu za nani atapata nini. Na mimi nimempigia mama huyu zake. Kwa mshahara wa 26,000, kodi yake ya mwezi ingeshuka kutoka kama shilingi 1,940 hadi 270. Karibu shilingi 1,700 zingebaki mfukoni kila mwezi, pesa ya unga na mafuta. Sharti ni moja: awe analipwa. Punguzo la kodi ya mshahara humwendea mwenye mshahara, na katika mdororo anayeumia zaidi ni yule ambaye mshahara wake umekatika. Hatua iliyogharimu serikali pakubwa kuliko nyingi ilielekezwa kwa watu ambao kazi zao hazikuguswa, wakiwemo mameneja wa mishahara minono waliokuwa wakifanya kazi sebuleni.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 23 Mei, ukaja mpango wa kufufua uchumi wa shilingi bilioni 53.7. Utalii ulikumbukwa: shilingi bilioni 2 zilitengwa kama mikopo nafuu kwa hoteli kupitia shirika la serikali la kufadhili utalii. Ukisoma mikopo hiyo ilikuwa ya nini, ni ukarabati wa majengo na kupanga upya biashara. Mishahara haikutajwa. Na kupanga upya biashara, kwa mwenye hoteli aliyebanwa, mara nyingi ni kupunguza watu. Sidhani aliyeandika sentensi ile alikusudia hivyo. Lakini mkopo wa umma ungeweza kufungwa kwa sharti rahisi, kwamba anayeuchukua abaki na sehemu fulani ya wafanyakazi aliokuwa nao Machi. Sharti hilo lisingegharimu Hazina chochote.

Barua ya Julai

Ilikuja kwa WhatsApp, imepigwa picha ikiwa mezani, kivuli cha simu kikionekana pembeni. Tarehe yake ni 1 Julai 2020 na inaanza kufanya kazi siku hiyo hiyo. Inasema nafasi yake imeondolewa kwa sababu za kiuchumi, atalipwa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, na malipo ya kuachishwa kazi "yatalipwa kwa awamu kadiri hali ya fedha itakavyoruhusu". Siku za likizo ya mwaka ambazo hakuwa amezichukua hazikutajwa.

Hapa sheria si kimya. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinaeleza hatua kwa hatua. Asiye mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kama alivyokuwa huyu, anapaswa kuandikiwa yeye binafsi, na afisa wa leba ajulishwe pia. Uteuzi wa nani aondoke uzingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na utegemewaji wa kila mmoja. Likizo iliyobaki ilipwe kwa pesa taslimu. Notisi iwe mwezi mmoja au mshahara wake. Na kwa kila mwaka uliokamilika alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15. Mahakama ya Rufani imeshasema pia kwamba kabla ya uamuzi lazima kuwe na mazungumzo ya kweli kuhusu njia mbadala. Barua ya WhatsApp inayoanza kazi siku ilipoandikwa haiachi nafasi ya mazungumzo yoyote.

Hesabu yenyewe ina ugomvi wake. Miaka tisa imekamilika. Ukigawanya 26,000 kwa siku 30 na kuzidisha kwa 15, kila mwaka unampa shilingi 13,000, jumla 117,000. Ukigawanya kwa siku 26 za kazi, siku moja ni shilingi 1,000 na jumla ni 135,000. Waajiri hupenda 30, mawakili wa wafanyakazi hupenda 26, na maamuzi yamewahi kwenda pande zote mbili. Tofauti ni 18,000, kodi ya nyumba ya miezi miwili pale Umoja. Tuseme ni ile ndogo: 117,000 na 26,000 za notisi, 143,000 kabla ya kugusa likizo. Alichopokea ni 20,000 Agosti na 15,000 Oktoba. Kisha kimya.

Ahadi ni deni, ila deni hili lina saa inayohesabu. Madai yanayotokana na mkataba wa ajira sharti yafikishwe mahakamani ndani ya miaka mitatu, na majaji wamekataa mara kwa mara kuongeza muda huo. Mama alikuwa akipiga simu hotelini, akijibiwa kwa upole: vumilia mama, mambo yakirudi utalipwa. Akavumilia. Alipoleta karatasi zake zisomwe na mtu ilikuwa mwanzo wa 2024. Muda ulikuwa umekwisha Julai iliyotangulia. Kwa mshahara wake angeweza kwenda hata kwa hakimu, kwa kuwa tangu 2018 mahakimu walioteuliwa wanasikiliza kesi za ajira za wanaopata hadi 80,000 kwa mwezi. Hakuna aliyemwambia. Upole wa mwajiri ulimgharimu kuliko ukali ambavyo ungemgharimu, maana angefukuzwa kwa matusi angeenda kwa wakili wiki iliyofuata.

Lakini nitasema jambo ambalo wenzangu wa upande wa wafanyakazi hawapendi kulisikia. Hata kama barua ingefuata sheria neno kwa neno, hoteli hiyo Julai 2020 haikuwa na pesa. Kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri atoe donge kubwa kwa watu wengi kwa pamoja, mwezi ule ule ambao hana mteja hata mmoja. Malipo ya kuachishwa kazi yanafaa pale kampuni moja inapoyumba katika soko lenye afya. Sekta nzima ikianguka, mzigo wa anayeanguka unatwishwa mwenzake anayeanguka. Mwajiri mwaminifu atachelewesha, mjanja atakwepa, na mfanyakazi atashinda kesi dhidi ya akaunti tupu.

Kutoka Umoja hadi Mukuru

Agosti alihama. Nyumba ya 9,000 aliiacha, kitanda kikubwa akakiuza, wakaingia chumba cha mabati cha 3,500 Mukuru kwa Reuben. Kadi ya NHIF ililala, kwa sababu aliyeachishwa kazi alitakiwa ajilipie mwenyewe 500 kwa mwezi, na mwezi wa kwanza 500 ilikuwa gesi. NSSF alikuwa na akiba ya zaidi ya 45,000 kabla ya riba, makato yake na ya mwajiri ya miaka yote. Hakuweza kuigusa. Akiba ile hutolewa uzeeni, au mapema kidogo ukifika miaka 50. Kwa hiyo mama aliyekuwa na pesa zake halali katika mfuko wa umma alikuwa akikopa kwenye simu kwa riba ya mwezi ili anunue unga.

Alianza kupika chapati mlangoni, za shilingi kumi kumi. Yeyote anayeamini kwamba jua kali, yaani kazi na biashara ndogo zisizo rasmi, humpokea kila anayetupwa na sekta rasmi angepita pale Septemba. Katika ploti ile moja kulikuwa na meko manne ya chapati. Mwenye jiko la pili alikuwa karani wa kampuni ya watalii, wa tatu mwalimu wa shule ya binafsi. Wajenzi waliokuwa wateja wao wakawa wanagawana chapati moja na chai. Nje ya mitaa ya mabanda hali ilikuwa hiyo hiyo kwa sura nyingine: kandokando ya barabara kuu za jiji watu wa tai walipanga maparachichi na machungwa kwenye buti za magari yao. Wauzaji waliongezeka siku ile ile wanunuzi walipopungua. Sekta isiyo rasmi, ambayo KNBS huihesabu kuwa na zaidi ya 80% ya ajira nchini, haikupokea watu. Iligawanya umaskini wake kwa vichwa zaidi.

Takwimu nazo zina namna yake ya kumpoteza mtu kama huyu. Kati ya Aprili na Juni 2020 KNBS ilikuta walio kazini wamepungua kutoka takriban milioni 17.6 hadi milioni 15.9, na kiwango cha ukosefu wa kazi kikaruka kutoka 5.2% hadi 10.4%. Robo iliyofuata kikashuka hadi 7.2%. Viongozi walifurahi. Lakini katika hesabu hizo, kama zilivyo duniani kote, aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja katika wiki iliyochunguzwa ni mtu aliye kazini. Mama yetu Aprili alikuwa mwajiriwa asiyelipwa, Julai akawa amekosa kazi, Septemba akahesabika kuwa ameajiriwa tena, kwa faida ya kama shilingi 200 kwa siku. Kwenye grafu amepona.

Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa vibarua kwa vijana, ilikuwepo. Majaribio yalianza mwishoni mwa Aprili katika mitaa ya mabanda, Mukuru ikiwemo, na Julai mpango ukapanuliwa kwa shilingi bilioni 10 hadi vijana zaidi ya 270,000 nchini: kufagia, kuzibua mitaro, kufyeka, kujenga vyoo na njia. Malipo yalikuwa shilingi 455 kwa siku, kwa siku 11 za mwezi. Kuna waliocheka kazi ya fagio. Mimi sicheki. Ilikuwa hatua pekee iliyoingiza mshahara moja kwa moja kwenye simu za maskini wa mijini, na ilithibitisha kwamba serikali ikitaka inaweza kulipa watu laki kadhaa kwa M-Pesa. Mwanawe aliingia. Shilingi 5,005 kwa mwezi, zikichelewa mara nyingine, ndizo zilizolipa chumba.

Yeye mwenyewe hakuweza kuandikishwa. Sharti la kwanza lilikuwa umri: miaka 18 hadi 35. Fedha za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wasiojiweza, ni za wazee waliofika 70, mayatima na wenye ulemavu mkubwa. Shilingi 1,000 kwa wiki zilizogawiwa baadhi ya kaya za mabanda zilitolewa kwa orodha zilizoandikwa mashinani, na yeye alikuwa mgeni pale, mzee wa mtaa hamjui. Kati ya 35 na 70 kuna miaka thelathini na mitano ambayo Mkenya hatakiwi kuanguka.

Mazoea haya hayakuisha na korona. Katiba inamtambua kijana kuwa aliyefika 18 na hajafika 35, na tangu hapo kila mpango wa ajira umeandikwa kwa ajili yake: ClimateWorx ya kusafisha mito ya Nairobi iliyoanza 2024, na mradi wa NYOTA wa mtaji wa shilingi 50,000 kwa wenye miaka 18 hadi 29. Vijana ndio wengi na ndio waliokosa zaidi, nakubali, na Juni 2024 walionyesha barabarani subira yao imefika wapi. Lakini mama wa miaka 41 akipoteza kazi wanaanguka watu watatu kwa pamoja, na wawili kati yao hawajafika 35. Binti yake shule zilipofunguliwa Januari 2021 hakurudi hadi muhula uliofuata, kwa sababu ya karo.

Kilichopaswa kutangulia

Nikiulizwa serikali ianze na nini mdororo mwingine ukija, nitaanza mahali ambapo wengi hawaangalii: ndani ya kifungu kile kile cha 40, kijifungu cha 3. Kinasema Waziri anaweza kutunga kanuni za kuwataka waajiri wenye idadi fulani ya wafanyakazi wawakatie bima dhidi ya kupunguzwa kazini, ama kupitia mfuko wa taifa au kampuni ya bima iliyoidhinishwa. Maneno hayo yako katika sheria tangu 2007. Bunge lilishamaliza kazi yake. Kinachokosekana ni kanuni.

Tuijaribu bima hiyo kwa mama huyu. Yeye angechanga 1% na mwajiri 1%, yaani 260 na 260, jumla 520 kwa mwezi. Tukichukulia mshahara haukubadilika, miaka tisa ingetoa 56,160. Nusu ya mshahara wake ni 13,000, kwa hiyo michango yake peke yake ingemlipa nusu mshahara kwa miezi minne, kuanzia siku ya likizo bila malipo, bila kutegemea michango ya wengine katika mfuko. Miezi minne ni kuanzia Aprili hadi Julai. Asingelazimika kuuza kitanda, na hoteli ingepata muda wa kupumua bila kuandika barua. Kwa vile ni bima, anayepona humchangia anayeumia: mwaka 2020 kilimo kilikua, ujenzi ukakua sana, na michango ya sekta hizo ingekuwa ikiingia wakati ya hoteli imekauka.

Hatuhitaji kutazama mbali kupata mfano. Tanzania mwaka 2018 iliweka fao la kukosa ajira katika mifuko yake ya hifadhi ya jamii: aliyechangia angalau miezi 18 akiachishwa kazi hulipwa kama theluthi ya mshahara wake kwa miezi isiyozidi sita. Kuna malalamiko kuhusu kiwango na masharti, ni kweli. Hata hivyo mfanyakazi wa hoteli ya Arusha alikuwa na dirisha la kwenda kubisha. Wa Nairobi hakuwa nalo.

Jibu la waajiri nalijua: makato yamezidi. Wana haki ya kulalamika. Mshahara wa 26,000 mwaka 2020 ulikatwa NSSF 200 na NHIF 850. Leo mshahara huo huo unakatwa 1,560 za NSSF, 715 za bima ya afya ya SHA na 390 za nyumba za bei nafuu, na mwajiri anaongeza 1,950 juu yake. Kwa pamoja ni 4,615 kila mwezi, na katika makato hayo yote hakuna hata shilingi inayokulinda siku utakapoitwa ofisini kupewa barua. Ushuru wa nyumba ulitetewa pia kama mpango wa ajira, na kweli vijana wamepata kazi za mjengo. Ila mfanyakazi anayekatwa hana chake humo akifutwa. Kwa hiyo simwambii mtu aongeze 2% juu ya mzigo uliopo. Sehemu ya NSSF mpya, ambayo ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya shilingi mia mbili, ingetosha kutengewa kazi hiyo, kama majirani walivyofanya.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba bima hii haiwagusi walio wengi, wale wa jua kali. Ni kweli, na sina dawa nyepesi. Kwao njia iliyojaribiwa ni ile ya Kazi Mtaani ikiondolewa sharti la umri wakati wa mdororo, pamoja na orodha ya kaya inayotunzwa siku za amani, si kuandikwa mbio mbio na wazee wa mtaa baada ya janga kuingia. Ila kuwakosa hao si sababu ya kumwacha wazi na huyu, kwa sababu kila anayeporomoka kutoka sekta rasmi anakwenda kuwabana hao hao. Jiko la pili na la tatu pale Mukuru ndiyo hoja yangu.

Kuna jambo moja dogo ambalo halihitaji fedha kabisa. Kifungu cha 40 hakimpi aliyeachishwa haki ya kuitwa kwanza kazi ikirudi. Mwaka 2022 wageni walirudi na hoteli ikamwita mama huyu, lakini kupitia kwa wakala: shilingi 900 kwa siku anapohitajika, bila posho ya nyumba, bila likizo. Mwezi mzuri anapata siku 15, yaani 13,500. Ni vyumba vile vile, na sare ile ile yenye nembo ya hoteli. Uzoefu wake wa miaka tisa umenunuliwa upya kwa nusu bei, na deni la zamani limebaki upande wa pili wa karatasi. Kanuni ya mstari mmoja, kwamba nafasi ikifunguka tena ndani ya mwaka mmoja au miwili aliyepunguzwa aitwe kwanza kwa masharti yasiyopungua ya zamani, ingeondoa ushawishi wa kutumia mdororo kugeuza waajiriwa kuwa vibarua.

Deni la 2020 limekwisha kisheria. La sasa halijaisha. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi, au kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kumalizika ndani ya miezi mitatu, mkataba wake huhesabiwa kuwa wa mwezi. Kutandika vitanda hotelini si kazi inayokwisha. Wakala atasema siku zake hazikufuatana, na hoteli itasema haimjui, mwulizeni wakala. Kwa hiyo anaandika kila zamu kwenye daftari, tarehe na ghorofa, na kutunza ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo, na safari hii barua ya madai inaandikwa kabla ya mtu yeyote kumwambia asubiri.